Rula ya Baba na Gia ya Bwana Sabuni

Nyumbani, tarehe 6 Februari

Kaka yangu,

Mwanangu Mchwa ameitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji sasa hivi tu. Nimegeuka kuchukua taulo, nikasikia chubwi, nageuka tena namkuta amesimama anapiga makofi: "Mjomba anaoga!" Maana kwake yeye wewe unakaa ndani ya simu, ndimo anamokuona. Basi kaona umechafuka, kakuogesha. Nimeitoa, nimeifuta, nimeianika juani kama soksi, lakini kioo kimekuwa cheusi ti, na ukiitikisa unasikia maji yanatembea. Ndiyo maana unaletewa barua kama watu wa zamani. Usicheke mwandiko wangu, unajua shule niliiachia njiani.

Sisi hatujambo. Mchwa ameota magego na yote ameyajaribu kwenye mguu wa kiti cha Babu yake. Jina ulilompa linazidi kumkaa. Baba yake usiniulize, na mimi sijiulizi. Mwaga Chuma, jirani yetu wa ukuta wa pili, kila asubuhi anachungulia: "Yule kijana wenu wa ng'ambo bado anakumbuka harufu ya moshi?" Namwambia wewe umezaliwa na moshi puani. Baba anakusalimu sana. Amesema niandike mimi, mikono yake ina shughuli.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Sabuni amekuja. Ile gia kubwa ya mashine yake ya kukorogea sabuni imekatika meno. Ni ile ambayo kiolezo chake alikichonga Baba, mimi na wewe hatujazaliwa. Kiolezo chenyewe hakipo tena, kililiwa na mchwa, wale wa kweli, si huyu wangu. Bwana Sabuni anasema anatupa nafasi hii moja. Gia mpya ikikaa, gia za mashine zake zote zitatoka kwetu. Isipokaa, atanunua za dukani, na karakana ya Baba ataipita kama mtu anavyopita kaburi la asiyemjua. Kasema hivyo mbele ya mtoto.

Na juzi kapita mwalimu wa chuo cha ufundi. Anasema katika huo mpango wenu wa kubadilishana wanafunzi, kila mmoja atachora kitu cha kweli kinachohitajika kwao. Mchoro unakuja kwa kompyuta, mashine ya hapa chuoni inakichonga, na kikifanya kazi unapewa cheti, na karakana ya kwenu inapewa mashine kama hiyo. Kaka, nilikuwa nimeshika sufuria. Nikasema moyoni, haya si mambo mawili, ni jambo moja. Chora gia ya Bwana Sabuni! Urudi na cheti, mashine ikae pale pembeni penye paka, Baba akae kitini aanze kukusimamia na kukugombeza kama zamani.

Jibu haraka.

Dada yako


Bwenini, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu, Mama Mchwa,

Mwambie mwanao mjomba ametakata, asante, lakini safari nyingine atumie maji ya moto. Baridi ya huku inaingia hadi chini ya kucha. Nimecheka barua yako peke yangu chumbani mpaka mwenzangu akavua vile vidude vya muziki vya masikioni akaniuliza kuna nini. Nikamweleza habari ya gia, akauliza kiolezo ni kitu gani. Nikamwambia ni umbo la mbao: unaligandamiza kwenye mchanga, unalitoa, halafu chuma kilichoyeyuka kinamwagwa kwenye shimo lililobaki. Akasema, "Kumbe baba yako anatengeneza mashimo." Nimeipenda hiyo. Mwambie Baba.

Mashine uliyoniuliza siku ile kwenye simu ni kabati la kioo. Ndani kuna kisu kinachozunguka na kutembea chenyewe, kinafuata mchoro uliochorwa kwenye kompyuta, mbao inatoka laini kama shavu la Mchwa. Vumbi lake nalijua kuliko mtu yeyote hapa.

Nimemwambia msimamizi wangu kwamba kazi yangu ni gia ya Bwana Sabuni. Amekubali. Kwa hiyo mwambie Baba aipime gia ya zamani kama anavyopima siku zote: upana wa nje, upana wa tundu la katikati, urefu wa jino, nafasi kati ya jino na jino, unene. Vipimo vya Baba sina haja ya kuvikagua. Cha kuongeza nitaongeza mwenyewe huku kwa kompyuta.

Na aweke hata mstari mmoja kwa mkono wake. Hata wa kunitukana.

Kaka yako


Nyumbani, tarehe 29 Machi

Kaka,

Tumeshapokea. Mchwa ameilamba bahasha. Paka wa karakana amezaa ndani ya pipa la vumbi la mbao, vitoto vinatoka vyeupe vyote mpaka uvipulize ndipo ujue rangi.

Vipimo hivyo hapo chini ni vya Baba. Nimeviandika mimi, yeye alikuwa anapima. Kazi imechukua mchana mzima maana Mchwa aliingiza kidole kati ya meno ya gia akagoma kukitoa, akasema gia inamuuma. Kila namba imerudiwa mara mbili, usiwe na wasiwasi hata chembe.

Kuhusu mstari wa Baba, kalamu iliishiwa wino pale pale. Lakini amesema, "Fundi Mdogo afanye kazi." Bado ni Fundi Mdogo wewe, hata ukiwa mbali hivyo. Mimi nikihitajika naitwa "we!" na nageuka.

Siku hizi hashindi sana karakanani. Anapumzika. Umri.

Bwana Sabuni kapita tena na gari lake, kashusha kioo, hakushuka. Kaniuliza, "Huyo mtoto wa kompyuta anachora gia au anachora ua?" Nimemwambia asubiri aone. Kaka, mimi sijawahi kumjibu mtu mkubwa namna ile.

Nimeanza kufagia pembeni, pale itakapokaa mashine.

Dada yako


Bwenini, tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemaliza! Kwenye kioo cha kompyuta unaweza kuigeuza gia, kuitazama kwa chini, hata kupita ndani ya tundu lake kama inzi. Nilikaa nayo hadi mlinzi akanizimia taa. Msimamizi aliitazama, akaniambia kuchora kila mtu anaweza, tutaona ikishakaa kwenye mashine. Akasema na hili, nakuandikia kama alivyosema: gia hii ndiyo itakayoamua kama napata cheti. Kwa hiyo nimeomba na wewe uombe.

Mchoro umeshatumwa chuoni kwenu. Wakishachonga watawaletea kiolezo mkononi.

Umeniandikia neno "anapumzika." Baba? Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Baba aliyekuwa ananiambia kulala mchana ni kazi ya magunia? Anaumwa? Niambie tu. Au kakasirika kwamba najifunza kuchonga bila patasi? Kama ni hasira, mwambie ninaijua hasira yake, naweza kuibeba. Ukimya ndio siuwezi.

Kaka


Nyumbani, tarehe 14 Mei

Kaka kaka kaka!

Kimekuja! Mwalimu wa chuo mwenyewe kakileta amekikumbatia kama mtoto mchanga. Sijaona mbao ya namna hiyo tangu nizaliwe. Hakuna alama ya patasi hata moja, meno yote sura moja, Mchwa alikiweka shavuni akafumba macho.

Sasa sikia hii. Nimekichukua nikakilaza juu ya gia ya zamani ya Bwana Sabuni. Kaka, vimelingana! Jino juu ya jino, ukingo juu ya ukingo, hata unywele haupiti. Mapacha! Nimemwita Mwaga Chuma aje aone, amekizunguka, amejikuna kichwa, akasema, "Mimi namwaga tu, mambo ya vipimo ni ya baba yako. Yeye amesemaje?" Nikamwambia Baba ameridhika. Basi atamwaga Jumamosi, tanuru ameshaanza kulisafisha.

Baba haumwi, ni umri tu nilivyokwambia. Wala hana hasira. Acha kujitafutia wasiwasi.

Nimenunua kopo la rangi ya kijani ya kupaka ukuta wa pale pembeni. Nimeshapaka nusu, nusu nyingine ameipaka Mchwa, pamoja na paka.

Tutakuwa na gia, Kaka. Nalala nikitabasamu kama mjinga.

Dada yako


Bwenini, tarehe 5 Juni

Dada,

Barua yako imefika leo. Kama bado hamjamwaga, msimwage. Najua mmeshamwaga, Jumamosi ile imeshapita kitambo, lakini naandika hivyo hivyo. Nimepiga simu chuoni kwenu, wamefunga. Namba ya Mwaga Chuma sina. Tangu lini nilihitaji kumpigia mtu ninayemsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta?

Kiolezo hakitakiwi kulingana na gia. Kamwe. Chuma kikipoa kinajikunyata, kinapungua. Kwa hiyo kiolezo lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko kitu unachotaka. Ndiyo maana Baba ana rula mbili. Ile ya chuma inayolala juu ya meza ndiyo ya kupimia kitu. Ile nyeusi ya mbao yenye ncha za shaba, anayoifungia kabatini, sentimita zake zimerefushwa kidogo makusudi. Hiyo haipimi kitu, hiyo ni ya kuchongea kiolezo peke yake. Aliniambia siku ile ile aliyoniita Fundi Mdogo kwa mara ya kwanza: "Hii inasema uongo ili chuma kiseme kweli." Wewe hukuambiwa. Wewe ulikuwa hata mlango wa karakana unaupita ukikimbia usigombezwe.

Mimi huku nilikiongeza ukubwa kwa kompyuta, kama inavyotakiwa. Kama vipimo vingekuwa vya rula ya chuma, kiolezo kingeizidi gia ya zamani, ungeona ukingo umejitokeza pande zote. Umeniambia vimelingana. Basi aliyepima alipima kwa rula ya mbao, namba zikatoka pungufu, na nilichoongeza kimekwenda kuziba pengo hilo badala ya kungoja chuma kipungue. Gia itatoka ndogo.

Baba hawezi kufanya kosa hilo hata akiwa usingizini.

Dada, nani alipima?


Nyumbani, tarehe 30 Juni

Kaka yangu,

Mchwa hajambo. Vitoto vya paka vimechukuliwa vyote isipokuwa kimoja kilema.

Barua yako imenikuta ninajua tayari. Mwaga Chuma alimwaga Jumamosi ile, gia ilitoka nzuri mpaka nikalia, tukaipeleka kiwandani juu ya mkokoteni, mimi nasukuma, Mchwa amekaa ndani yake anapunga mkono kama bwana harusi. Wakaifunga kwenye mashine. Bwana Sabuni akabonyeza. Meno yakagongana, mlio ambao mpaka leo haujanitoka masikioni. Wakajaribu kuisogeza. Ukiisogeza huku inashika, huku inaachia. Bwana Sabuni akazima, akafuta mikono taratibu, akaniambia, "Mama, mchukue mwanao, hapa pana mafuta." Afadhali angetukana.

Mwalimu wa chuo alikuwapo. Aliandika neno moja akafunga daftari lake. Sikuthubutu kumuuliza.

Nilipima mimi.

Baba alianguka wiki uliyoondoka. Alikuwa anachonga, nikasikia nyundo imedondoka, nikangoja aiokote, sikusikia akiiokota. Upande wa kulia umelala wote, mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Jicho la kulia halioni, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Nilishika simu nikupigie. Akanishika kwa mkono wa kushoto, akasema, yalimchukua muda mrefu kuyatoa: "Asijue. Atarudi." Kaka, kwa jinsi alivyoninyang'anya ile simu, niliapa sitakwambia ndipo akanirudishia. Ilipoingia ndooni, kusema kweli nilishukuru. Kwenye simu ungesikia sauti yangu.

Ulipotaka vipimo vya Baba ningekwambia nini? Rula ya chuma niliiona pale mezani. Nikasema, hiyo ni ya kila siku. Ile nyeusi ndiyo tuliyokatazwa kuigusa tangu tukiwa wadogo, ndiyo ya kazi kubwa, na sisi hatujawahi kuwa na kazi kubwa kuliko hii. Nilichukua ufunguo kiunoni kwake akiwa amelala. Nilinawa mikono kwanza, kwa sabuni, mara mbili. Nikapima kila jino nimeshika pumzi. Nilijisikia nimeingia mahali penu, wewe na Baba.

Niambie cheti bado kipo. Niambie wanaruhusu kurudia, nitapima upya leo hii, kwa rula ya chuma. Gia ya zamani ipo, nimeificha wasiichukue. Kaka, niandikie hata kunitukana, kama ulivyotaka Baba akuandikie.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 2 Agosti

Kaka,

Pengine barua ile ilipotea njiani. Naituma hii kuuliza tu.

Wenzako wawili uliosafiri nao wamerudi. Nilikwenda kuwapokea nikamvalisha Mchwa viatu. Wameshuka na mabegi yao. Nikaendelea kusimama nikitazama nyuma yao. Mmoja kaniambia, "Yeye hakupanda." Nikamuuliza, hakupanda lini, hakupanda wapi. Akamtazama mwenzake.

Vipimo vipya ninavyo.

Dada


Tarehe 11 Septemba

Dada yangu,

Samahani kwa ukimya. Andika kupitia anwani iliyo nyuma ya bahasha, ni duka la kufulia nguo, mwenyewe ananihifadhia barua.

Hawaruhusu kurudia. Gia ikikataa imekataa, mpango una wanafunzi wengine na mwaka mwingine. Walinipa tiketi. Nilifika na begi mpaka pale pa kukaguliwa, nikageuka.

Ningerudi na nini? Nitaingia mlangoni Baba aniulize umeleta nini, nimwambie nimeleta koti? Sikiliza, na mimi nikwambie. Ile mashine ya kioo sikuwahi kuishika. Maelezo yote yalikuwa kwa lugha yao na mimi nilikuwa nachelewa kuelewa, wenzangu wameshabonyeza mimi bado natafuta neno. Nikawa mtu wa kufagia vumbi lake. Gia ya Bwana Sabuni ndiyo kitu pekee walichoniacha nichore peke yangu tangu nifike. Niliwaandikia ninyi kama fundi, nikimaliza kuandika nachukua ufagio.

Kwa hiyo usiseme ulikosea wewe. Barua zote zilikuja kwa mwandiko wako, nikaona, nikauliza nusu nusu, jibu nikaliacha lipite. Nilitaka vipimo viwe vya Baba. Mtu anayepima kwa kunawa mikono mara mbili mimi sina la kumwambia. Ningekuwapo ningekuonyesha, ingekuwa dakika tu.

Sasa napanga maboksi kwenye ghala. Hayahitaji kipimo, yote ni sawa.

Usimwambie Baba. Mwambie nipo kwenye mashine.

Kaka


Nyumbani, tarehe 4 Oktoba

Kaka yangu,

Nakuandikia nimekaa chini nje ya mlango wa chumba cha Baba, karatasi iko juu ya goti. Mchwa anajua kusema "mjomba yuko ghalani." Nimemfundisha kwa kunong'ona, halafu nikajuta, sasa namfundisha asahau.

Karakana haipo tena, ni vizuri ujue. Mwenye jengo alitupa muda, muda ukaisha. Meza kubwa imekwenda, patasi zimekwenda, Mwaga Chuma alichukua msumeno ili angalau usiende mbali. Na unajua nani kapanga? Bwana Sabuni. Ameifanya stoo ya makatoni yake. Ukuta wangu wa kijani upo, katoni zimepangwa hadi dari mbele yake. Alinisalimia vizuri tu, akampa Mchwa kipande cha sabuni ya kunukia.

Baba hajui. Chumba chake dirisha linatazama uani, karakana ni ukuta wa upande wa pili, alikuwa anasikia kila kitu. Siku walipobeba meza nilimwambia tunafanya usafi. Kesho yake akawa ametega sikio mchana kutwa, hasikii kitu, chai hakunywa. Kwa hiyo nikaenda kwa Mwaga Chuma nikaomba tupa moja ya kusugulia na kipande cha mbao. Kila asubuhi nikishamwosha nakwenda uani chini ya dirisha, napiga tupa, nagonga kidogo, napumzika, nagonga. Mchwa ananisaidia kwa kijiko. Baba anatulia, anakunywa chai yake. Juzi aliniuliza, "Mbona mbao inanuka sabuni?" Nikamwambia ni mbao ya aina mpya.

Nagonga nimevaa ile aproni yako iliyobaki msumarini, ndiyo nzito, haipitishi vumbi. Siku ya kwanza kuingia nayo chumbani akanitazama kwa lile jicho la vivuli, uso wake ukafunguka, Kaka, ule upande mmoja uliobaki, akasema, "Fundi Mdogo." Nikaitika. Kwa sauti ya chini, nikakohoa kama wewe. Tangu siku hiyo nikiwa na aproni mimi ni wewe, nikiivua mimi ni "we." Ananiambia mambo ambayo sikuwahi kuambiwa, namna ya kushika tupa, mbao ipi inapinda. Nasikiliza yote, nakuwekea. Ukija nitakwambia.

Na kila siku ananiuliza gia ya Bwana Sabuni iko wapi. Nimemwambia bado inapoa. Inapoa tangu mwezi wa tano, na anakubali, anatikisa kichwa, anasema, "Usiiharakishe." Akataka basi nimletee hata kiolezo akishike. Kile cha mashine nilikisukuma chini kabisa ya kitanda changu, nyuma ya ndoo, kwa sababu macho yake yamekufa lakini kidole gumba chake hakijafa. Akikishika tu, atajua.

Kaka, rudi hivyo hivyo. Rudi na koti. Mimi sidhani kama atakuuliza umeleta nini, nadhani atakuuliza umekula. Mwaga Chuma anasema pembeni kwake pana nafasi ya meza ndogo, na mimi sasa najua rula zote mbili, nimezificha kwa Mwaga Chuma zote mbili, hazikuuzwa, tukianza na vitu vidogo vidogo, mipini, magurudumu ya mkokoteni, wewe ukichora mimi nika

Ngoja. Mchwa amenipita hapa mlangoni anahema, amekumbatia kitu, nilidhani ni mto. Ni kiolezo. Amekiburuta kutoka chini ya kitanda, kina utando wa buibui, ameshampandishia Babu yake kifuani. Nilinyanyuka nimnyang'anye, Baba ameshaweka mkono juu yake.

Anakishika. Nimerudi kukaa. Nakuandikia ninavyoona. Mkono wa kushoto umezunguka ukingo wote mara moja. Sasa kidole gumba kinapita jino hadi jino, pole pole, kinarudi, kinapita tena. Anatabasamu. Amesema, "Laini." Mchwa anamwambia, "Cha Mjomba." Kidole kimesimama. Hatabasamu tena, lakini hajakasirika, uso wake ni ule wa akiwa kazini, unaujua.

"Fundi Mdogo!"

Ananiita. Anataka rula nyeusi. Anasema atashika yeye upande mmoja, mimi nimsomee, upana wa nje anaukumbuka, alichonga mwenyewe kile cha kwanza. Kaka, hawezi kuona alama. Namba iliyopo, ile pungufu, naijua. Na ile anayoingoja, ya rula ya chuma, naijua, nimeishi nayo miezi hii yote. Rula iko kwa Mwaga Chuma, ni kuruka ukuta tu na kurudi, na aproni iko hapa nimeishika, na nikishaivaa nitakaposimama pale mbele yake nitamsomea ipi kati ya namba hizo mbili, ni

"Fundi Mdogo, upo?"

Nipo, naku